Miguu ya Mwamini

Kibuta, Kisarawe
12 Septemba 1949

Kwa kaka yangu mpenzi Hemedi,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta u mzima huko mkongeni Morogoro, na kile kikohozi ulichokitaja kimekwenda zake. Sisi hapa twashukuru, pumzi ipo. Usiucheke mwandiko wangu. Tangu niolewe sijaandika hata jina.

Najua baba amekwisha kukuandikia, akitaka fedha ulizoweka kwa mahari ya mchumba wako Zubeda. Tafadhali usizitume kabla hujanisoma mpaka mwisho.

Mdogo wetu Mwamini bado yu mwali, ndani ya chumba kile cha nyuma, huu mwaka wa tatu tangu avunje ungo. Ulimwacha mnene, akicheka peke yake gizani. Sasa hutamjua. Mifupa inamuuma toka nyonga mpaka nyayo, na mwaka jana miguu ilikataa kabisa. Akitaka kusogea hujiburuta. Homa hana, uvimbe hana. Tangu mama atutoke mimi ndiye ninayempelekea chakula, naye hunihadithia ndoto zake: mara anatembea juu ya mpunga na mpunga haulali, mara anateka maji ndoo haijai, wala hachoki. Ukikaa naye mle, na ule moshi wa ubani, unasahau kama nje ni mchana. Mara nyingine hutoka nikijihisi naota mimi.

Tumehangaika, asikwambie mtu. Baba alimchukua kwa machela mpaka kwa daktari mjini, amefunikwa gubigubi, maana unajua mwali akionwa na jua kabla hajatolewa kwa ngoma, wanasema ni nuksi na mume hapati. Daktari akamgonga magoti, akasema haoni ugonjwa, akampa kwinini. Mzee Mashaka akasema ni pepo wa mtoni, akataka mbuzi mweusi. Mwingine akasema ni kijicho, akataka wawili. Zizi sasa ni la kuku. Na kila mganga aliagiza afichwe zaidi, mpaka shangazi Mwanamkuu, anayemlea, akaziba nyufa za ukuta kwa udongo. Sasa baba yuko Kibaha kumtafuta mganga wa madogoli, ngoma ya pepo ya siku saba. Huyo ndiye anayezisubiri fedha zako.

Mwezi wa Ramadhani niliona jambo. Kuti moja la paa lilichomoka, jua likaingia sakafuni, duara kama kisahani cha kahawa. Mwamini alikuwa ameliweka goti lake palepale. Mwanga ukisogea, naye anasogea. Akaniambia maumivu husinzia mwanga ukiyapitia. Nikamjibu hizo ni ndoto zake tu, lakini maneno yale yakanikaa.

Kaka, nimemtoa. Tangu Idi, kila adhuhuri, wanaume wakiwa msikitini na shangazi shambani, mimi humbeba mgongoni mpaka nyuma ya jiko, nikamfunua miguu juani. Bila ngoma, bila karamu! Siku ya kwanza alifumba macho akalia, akasema jua lina harufu. Juma lililopita alishika ukuta akasimama. Jana amekwenda hatua nne, nami nikizihesabu kwa sauti kama mjinga. Ni jua au ni dua, Mungu ndiye ajuaye.

Kuna jingine, na hilo ndilo linalonila. Mwaka juzi kila kitu cha kumtolea kilikuwa tayari: mchele, mbuzi, hata kanga zake. Wote mnadhani baba ndiye aliyeamua vitumike katika harusi yangu. Si yeye. Nilimwendea mimi, nikamlilia, kwa kuwa Abdala alikuwa na haraka na mimi nikaogopa kuachwa. Nikamwambia Mwamini bado mdogo, atatoka mavuno yajayo. Mavuno yalipokuja, miguu ilikwisha anza kuuma, fedha zikaenda kwa waganga, na bila karamu mwali hatolewi. Basi akabaki. Ile pilau mliyoisifu harusini kwangu, kaka, ilikuwa miguu ya mdogo wetu.

Nisamehe. Mume wangu sijamwambia. Akisikia atasemaje, sijui. Lakini mficha uchi hazai, nami nimechoka. Fedha zako mwolee Zubeda. Baba akirudi Ijumaa nitamweleza kwa mdomo wangu, anilaani akipenda.

Abdala anakusalimu. Shangazi Mwanamkuu angekusalimu, ila yuko shamba na hajui ninaandika nini. Mwamini anakusalimu sana, anasema uje na halua. Yuko hapa kando yangu, barazani mbele ya nyumba, uso wazi, na wanawake wanaotoka kisimani wanapita wakimtazama. Wawili wametua ndoo na kukimbilia shambani kumwita shangazi. Nimemwambia Mwamini asiingie ndani.

Ni mimi nduguyo akupendaye,
Swaumu binti Mwinyimadi