Nyambura Amekataa Kurudi Nyumbani

Mama Nyambura,

Sasa niko na miaka sabini na mbili, kama kipande changu, kile kitambulisho cha zamani, hakidanganyi. Nimeishi kupita yule mzungu wa Naro Moru aliyeniita mvivu, kupita daktari aliyesema kifua changu hakitafika Krismasi, kupita kaka zangu wote na ng'ombe wako yule mkali. Kukupita wewe sikutaka. Hiyo imenishinda kuzoea.

Usicheke mwandiko. Nimeingia ngumbaru, darasa la sisi wazee pale Giakanja, na mwalimu anasema hakuna anayeshika kalamu kama mimi. Anafundisha Kiswahili, kwa hivyo utavumilia. Wewe ulikijua kuliko mimi, tangu ulipokuwa unauza viazi Nanyuki.

Habari kubwa ni ya msichana wetu. Ameondoka nyumbani.

Tulipomaliza kukuzika, dada yangu Wanjiku aliketi jikoni kwako akasema msichana anayetembea kwa magongo hawezi kubaki bila mtu wa kumpikia na kumchotea maji. Nikasema nitatafuta mtu. Nyambura alikuwa papo hapo anamenya viazi, anatusikia, na hakuna aliyemuuliza kitu. Muda si mrefu akaniambia, "Baba, nimepata chumba Nyeri mjini. Nitashona nguo." Nikasema hapana. Nikasema hakuna mtoto wangu wa miguu kama hiyo atakayekaa peke yake mjini mimi nikiwa hai. Unajua vile mimi husema hapana, mpaka kuku wanatoka nje.

Akaniangalia, akasema, "Hivyo ndivyo unaongea na mama yako?"

Wewe unajua, Mama Nyambura. Si tulimpa jina la mama yangu, vile desturi yetu inataka? Si mimi tangu azaliwe namwita Maitu, yaani mama yangu, hata mbele ya wageni? Hata siku ile ugonjwa wa kupooza ulipomshika miguu, nikimbeba mgongoni kwenda hospitali, nilikuwa nikisema, "Maitu, usilale." Sasa ningemfungia mlango namna gani? Akapanda lori la kabichi na cherehani yake ya mkono, akaenda.

Lakini nilimwapia Wanjiku kwamba nitamrudisha kabla ya mvua. Nikaenda Nyeri bila kumwarifu, na gunia la kufungia vitu vyake.

"Ingia, Baba," akasema, "lakini usisogeze kitu."

Wewe! Ungeona chumba hicho. Jiko limekaa juu ya mawe, anapika ameketi. Sufuria haibebi, anaisukuma juu ya ubao mpaka mezani. Amejishonea aproni ya mifuko mikubwa, maana mikono iko kwa magongo. Kiberiti humo, mkasi humo, vitunguu humo. Nikamuuliza kama huenda na vitunguu kanisani. Akasema, "Mara moja tu, na nilikaa nyuma."

Nikatafuta kosa. Nikasema chumba ni giza, dirisha ni dogo. Akasema, "Dirisha halinifikishi chooni." Ati yeye akienda kutafuta nyumba, kwanza anauliza choo kiko wapi na njia yake inakuwa namna gani mvua ikinyesha. Chumba chenyewe anakiangalia mwisho. Na mlango wa choo ameufungia kamba ya kujishikia.

Halafu nikaona mtungi hauna maji. Moyo ukafurahi, nikaona nimempata! Nikasema, "Lete nikuchotee, halafu tuzungumze juu ya kurudi."

"Kaa chini, Baba. Wewe ni mgeni."

Akachukua ukanda wako wa ngozi, ule wa kubebea kuni, akauning'iniza mtungi mtupu mgongoni, akatoka. Nikamfuata. Pale mferejini, kwenye bomba la maji, kuna ukuta mfupi. Aliujaza mtungi juu ya ukuta, akaketi mbele yake, akapitisha ukanda kwenye paji la uso kama mwanamke yeyote wa kwetu, akainama, akashika magongo, akasimama. Mzigo wote uko mgongoni na kichwani, na mikono haina kazi nyingine ila kutembea. Mimi kuona hivyo sikuwa nimewahi.

Wanawake wa pale wakaniambia, "Mzee, wewe unamchunga, ama yeye ndiye anakuchunga?"

Nikawaambia, "Hayo magongo nimechonga mimi! Ya hospitali yalivunjika, haya hayavunjiki!"

"Basi chonga na yako," wakasema.

Njiani nikamuuliza Nyambura nani alimfundisha. Akasema, "Ni Mama. Wewe ukienda Doldol kununua mbuzi, sisi tunaenda mtoni. Kwanza maji kidogo, halafu tunaongeza."

Mama Nyambura! Na mimi nikirudi napata pipa limejaa, naenda kushukuru majirani. Nao wanapokea!

Hatukuzungumza juu ya kurudi. Nilikunywa chai, nikamwambia, "Maitu, mimi naenda, jua linashuka." Gunia nililiacha mlangoni. Anapangusia matope ya magongo.

Siku hizi watu wakija nimchongee magongo mtoto wa miguu kama ya Nyambura, mimi ndiye ninawafundisha. Nawaambia ulizeni choo kwanza, na msichana apewe ukanda angali mdogo, na asipikiwe kila siku. Wanjiku anasema najifanya profesa. Wacha aseme. Nikimaliza kuwafundisha, wakishaenda, ninakaa jikoni kwako natafuta mtu wa kumwambia kwamba uliona mbali kuliko mimi, na hakuna mtu.

Basi pumzika, mke wangu. Neno la "rudi" sitamwambia tena. Kila mwaka kabla ya mvua nitamkatia raba mpya za magongo, za tairi ya lori, asiteleze. Na nikienda kwake nitapiga hodi, na sitasogeza kitu.

Najua hadithi zangu hukuwa unaziamini. Hii iko na shahidi, Mama Gathoni anayeuza makaa pale mferejini. Yeye aliona yote. Atasema pia kwamba mimi niliteleza kwenye matope nikikimbilia kumsaidia, nikakaa chini na suruali ya Jumapili, na Nyambura akaegemea ukuta, akaninyooshea gongo moja, akanivuta mpaka nikasimama.

Hiyo pia ni kweli.

Baba Nyambura