Chanjo Iliyokuja Mchana wa Ramadhani

Jumatatu, 23 Februari
Zahanati ya gereza, kama kawaida. Wawili wa upele, mmoja wa jipu, mmoja wa malaria. Nilistaafu utabibu zamani. Nakuja hapa kujitolea kwa sababu hawana mtu mwingine. Kipindupindu kimeingia kijiji cha jirani, na ndugu za mahabusu wanaleta chakula kutoka hukohuko. Seli ya mahabusu ina ndoo moja ya choo. Mgonjwa mmoja tu anatosha kuwapukutisha wote. Chanjo inakuja keshokutwa. Afadhali.

Jumatano, 25 Februari
Nina hasira.

Timu ya chanjo ilifika saa nne asubuhi. Nilidhani ni sindano. Kumbe ni ya kumeza. Sindano ya msuli, masheikh wengi wanasema haibatilishi saumu; kinachopita kooni kinabatilisha, hata mtoto wa madrasa anajua. Mahabusu thelathini na mmoja wamefunga. Hamisi, mkulima wa korosho wa Mpapura anayewasalisha wenzake, alisema kwa adabu: "Daktari, tunaitaka. Tupeni magharibi."

Magharibi ni saa kumi na mbili na nusu. Seli hufungwa saa kumi. Na timu ilikuwa na safari ya Mnazi Bay. Wakaandika: wamekataa.

Askari mmoja akacheka. "Mzee, hao wanafunga kwa sababu ugali wenyewe hautoshi."

Barua ya ratiba nilikuwa nayo wiki mbili. Ukurasa wa pili unasema ni ya kumeza. Sikuufungua. Mimi, niliyewagombeza wanafunzi wa utabibu kwa kutosoma maelezo mpaka mwisho.

Nimeshikilia dozi zao zisirudishwe. Nimezitilia sahihi. Zimo kwenye friji ya zahanati.

Alhamisi, 26 Februari
Kwa Mkuu wa gereza. Nilimweleza polepole: nusu saa tu baada ya adhana, askari wawili, basi. Hapana. Tuwapitishie kwenye nondo? Hapana. Tuwaachie vichupa wakanywe wenyewe? Hapana, kichupa ni silaha. Kichupa cha plastiki, urefu wa kidole!

"Mzee wangu, nakuheshimu. Funguo zikishahesabiwa jioni hazitoki. Wanywe mchana, dini inaruhusu."

Inamruhusu mgonjwa. Hawa ni wazima, na chanjo hupewa mzima. Nilimwambia hivyo. Akaangalia simu yake.

Jumamosi, 28 Februari
Hamisi.

Alianza kuharisha jana, seli ikiwa imeshafungwa. Maji meupe kama ya kuoshea mchele. Wenzake waligonga mlango mpaka viganja vikavimba. Askari wa zamu akawajibu: subirini asubuhi. Kipindupindu hakisubiri asubuhi. Kinammaliza mtu mzima kwa saa chache, kwa kumkausha tu, na dawa yake ya kwanza ni maji, sukari na chumvi. Chumvi, jamani!

Nilimkuta macho yamezama. Ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Dripu mikono yote miwili.

Chanjo ya Jumatano isingemwahi, najua. Kinga huchukua siku kadhaa kujengeka. Mlango ungemwahi. Nilimwambia Mkuu maneno hayo mbele ya askari wake, kwa sauti ambayo sijaitumia tangu nikiwa kijana. Jioni, adhana ilipokwisha, alikuja na ufunguo mwenyewe. Watu thelathini, mmoja mmoja. Tende moja, kisha dozi. Hakuna aliyekimbia. Hakuna aliyekataa.

Sijamshukuru. Sitamshukuru.

Jumatatu, 2 Machi
Hakuna mgonjwa mpya.

Hamisi yuko stoo ya majembe. Wilaya imeagiza atibiwe hapahapa ili asiusambaze ugonjwa. Jana kutwa hakukojoa. Mtu akikauka sana, figo huacha kazi, na bila mkojo tabibu hujiandaa kwa habari mbaya. Nimekaa naye tangu alfajiri. Kaniuliza kama siku hizi asizofunga atazilipa. Nikamwambia atazilipa akishatoka.

"Nitoke mwaka gani, Daktari? Kesi yenyewe haina tarehe."

Saa tatu akaomba ndoo. Mkojo kidogo, rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Nimeandika kwenye chati saa na kipimo. Yeye kalala. Mimi nakwenda kunawa.