Bwana Yangu Alibakia Inje ya Lupango

Siku ya Mungu, 14 mars 1993

Kasirani inanijaa. Niandike tu.

Tulienda kuona nyumba ya zamani ya mulopwe, mufalme wa hapa, ngambo ya ziwa ya Nzilo. Ni Muamba, bwana yangu, alitaka. Baba yake alitoka mbali, Kasai, akiwa kijana, akapanda ile jardin yote — maroze, bugenvilia, majani laini mpaka ku mutoni. Batoto baone kazi ya nkambo yao, alisema. Akavaa shati ya misa!

Tata Barnabé, mulinzi mwenye kutembeza bageni, alitupokea muzuri. Akatuonyesha ngoma, kiti ya mulopwe, ngozi ya chui. Mu jardin akasema maua yote ilipandwa na mulopwe mwenyewe. Muamba akasema pole pole kama ni baba yake alitumika hapa, alipanda haya maua. Barnabé akauliza jina ya baba. Muamba akaitaja. Jina ya Kasai, haifichike.

Ku mulango ya lupango, ukuta yenye kuzunguka nyumba ya ndani, Barnabé akanyoosha mukono.

— Weye mama ingia, uko mutoto wa hapa. Yeye abakie inje.
— Na batoto?
— Batoto ni ba baba yao.

Jessica, miaka sita, alikwisha kutoa viatu ili aingie!

Maneno nilimutupia Barnabé siandiki hapa. Muamba akainama, akamuvalisha Jessica viatu, akafunga kamba taratibu, sawa vile hakuna kitu. Nilimukasirikia yeye pia. Juu ya nini ananyamaza? Sikuingia. Tulirudi kwetu Musonoi.

Kazi tatu, 24 mars

Imeanza, kufukuza bantu ba Kasai. Bajeune, vijana ba hapa, na fimbo, na petroli. Banaimba «bilulu batoke!» Bilulu — badudu! Muamba alizaliwa hapa hapa, Mutoshi. Ana miaka makumi tatu na kitu, Kasai hajaiona hata siku moja.

Balivunja mulango yetu. Mama Mamie, jirani, akabeba mashini yangu ya kushona mbele ya macho yangu. Eti anaichunga. Muongo! Batoto bangu babili balizaliwa mu mikono yake.

Kazi tano, 26 mars

Ku gare. Bantu mpaka juu ya reli. Mvua. Treni ya Kasai hapana.

Siku ya Mungu, 28 mars

Kazadi alikuja, yaya yangu, mukubwa wangu wa tumbo moja, na mukate. Hakumusalimia Muamba. Akanivuta kando: Henriette, rudi kwetu, hakuna mwenye kukugusa. Batoto baende na baba yao. Weye uko kijana bado, utazaa bengine.

Utazaa bengine!

Nilitaka kumutupia ule mukate mu uso. Lakini Jessica alikuwa anauangalia. Nikauchukua, nikabapa batoto, kisha nikamufukuza yaya yangu mbele ya bantu bote.

Halafu Muamba: «Kazadi ana haki. Kule sina nyumba. Sijui hata nani atatupokea. Bakia.»

Nilimuambia afunge kinywa. Ni maneno ya kwanza anasema kwa nguvu tangu tulifika hapa, na ni ile!

Siku ya mposho, 3 avril

Treni! Mabehewa ya mizigo, bila viti. Bajeune beko ku kila mulango, banauliza kila mutu: wa wapi? Muamba na batoto balipanda. Mi nyuma yao. Mumoja akanijua.

— Mama Henriette, weye uko wetu. Shuka.
— Mi ni wa Kasai.

Akacheka. Nikarudilia kwa sauti, bantu bakageuka. Mi, mutoto wa Bukama, bankambo bangu bote balizikwa kule! Wa Kasai, nilisema. Andika, imba, fanya unachotaka.

Alienda kumuita Kazadi aje ashuhudie kwetu ni wapi. Ninaandika nikikaa ku chuma ya mulango, muguu moja ndani. Jessica ameshika kitenge yangu. Muamba anasema: shuka, Henriette, ningali nakuomba. Analia, bwana yangu. Sishuki.

Kazadi ninamuona kule. Anasukuma bantu, anaita jina yangu. Behewa inatikisika — tunaenda? Hapana, imesimama tena. Amefika ku mulango. Nitamuambia yeye pia: mi ni wa Kasai.