Anayekaa Mkabala na Kibao Chako

Chumba Na. 6, Ghorofa ya Juu,
Nyuma ya Duka la Vioo.
14 Mei

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza ukorofi na cherehani haijakugomea tena. Sisi huku wazima wa mwili, ila moyo wangu hautulii. Nimekupigia mara kumi na tisa. Najua simu iko kwenye droo ya nyuzi, haina chaji, kama kawaida yako. Ndiyo maana barua hii anakuletea mchoraji, mwenzangu wa kazini, na nimemwambia asiondoke mpaka umeisoma yote.

Ule mchezo wetu wa simu ulitoka mwezi uliopita. Wewe huiita kazi ya watoto, lakini watu wameupenda mpaka wakafungua kundi la mashabiki mtandaoni. Humo ndimo nilimoharibu.

Katika mchezo yumo mama aliyekaa mlangoni analia, akimngoja mwanawe. Nilimtengeneza nikimfikiria mama yangu, wifi yako. Mtu mmoja anayejiita Jicho Kavu akaandika kwamba mchezo ni mzuri, ila mama huyo hana kazi nyingine ila kulia, na mama wa hivyo yeye hajapata kumwona. Iliniuma. Ningenyamaza yangeisha. Mimi nikamjibu mbele ya kadamnasi kwamba ajuaye sana atuletee wa kwake, nikaweka na kicheko.

Mashabiki wakaona nimewapa ruhusa. Walimwandama siku nne, wakamtukana yeye na mama yake. Nilipowaomba waache, wakaniambia, "Usiogope dada, sisi tuko nyuma yako." Sijawahi kuogopa maneno ya upole kama hayo. Yeye alijibu mara moja tu, kwamba asingeupenda mchezo asingehangaika kuufikisha mwisho. Tangu hapo kimya, leo siku ya kumi na mbili, na alikuwa mtu wa kuandika kila siku.

Jana wakafukua picha aliyowahi kupiga dirishani kwake, wakaisambaza ili apatikane. Mmoja ameandika kwamba yuko jirani, atampitia. Niliikuza picha nikaitazama vizuri. Ng'ambo ya barabara kuna kibao chenye suruali iliyochorwa, mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. Ni kibao chako, Shangazi. Kwa jinsi picha ilivyopigwa, anakaa ghorofa ya pili, mkabala na duka lako. Huenda umeshampunguzia suruali.

Polisi nimekwenda. Waliandika, wakaniambia nisubiri. Siwezi kusubiri.

Nakuomba, ukimaliza kusoma funga duka. Shika nguo yoyote mkononi, jifanye unamtafuta mwenye nguo hiyo, ubishe hodi; tukibisha mimi au mchoraji, atadhani ni wale wanaomwandama. Tazama kama anakula, kama ana mtu wa kukaa naye. Asipofungua, usirudi, waite majirani. Lile ninaloliogopa siwezi kuliandika. Akifungua, mwambie kuna watu wanajua anapokaa, na akikubali akae kwako siku mbili tatu. Mchoraji atawasaidia kubeba vitu.

Umwambie pia kwamba alisema kweli. Wifi yako hata kitandani mgonjwa alikuwa akikukaripia kwa pindo lililopinda. Ungemwona pale mlangoni analia tu, ungenicheka wewe wa kwanza. Yule mama wa kwenye mchezo tumeshamrekebisha. Sasa anafagia, anagombana na jirani, halafu ndipo anatazama njia.

Nisalimie binamu yangu Kipara, na yule mama mtia vifungo. Mungu akupe goti la kupandia ngazi hizo.

Ni mimi nikupendaye, ninayekutegemea kuliko siku zote,
Mtoto wa kaka yako.

N.B. Nimeisoma tena barua nikaona sijakuandikia jina lake. Silijui. Siku zote zile tulizokuwa tukimsema, hakuna aliyemuuliza, hata mimi. Ukifika mlangoni usimwite Jicho Kavu. Muulize anaitwa nani.