Mpigaji Aliyekosa Mara Tano

Greyville, Durban
Oktoba 1998

Baba mpendwa,

Nakusalimia kwa jina la Bwana. Je, mguu wa Mama umepona? Huku tunasikia habari za Uvira redioni, kisha betri zinaisha, tunabaki na hofu tu.

Mimi ni mzima. Tangu nimalize shule ninaosha nywele za wateja katika saluni moja hapa mtaani. Wanasema mimi ni bubu, lakini mikono yangu ni laini, basi wananivumilia.

Ninayetaka kukueleza habari zake ni mdogo wako, Baba mdogo Déo. Kila alfajiri anasimama kwenye lango la bandari pamoja na wanaume wengine wanaotafuta kibarua. Msimamizi ananyoosha kidole: wewe, wewe, wewe. Wiki nyingi sasa kidole hakijamfikia. Anasema ana nuksi, na anataka kurudi Uvira, vita au hakuna vita.

Jumapili iliyopita alinikuta mezani na ule mchezo wa besiboli ulioniwekea kwenye begi, wa kadi za wachezaji na dadu mbili. Nilikuwa namchezesha mpigaji wetu hodari, naye alikuwa amekosa mpira mara tano mfululizo.

"Eish, huyu naye iko na nuksi! Mutoe."

Nikamweleza kama ulivyonifundisha: kadi imetengenezwa kwa kufuata mwaka mzima wa mtu halisi, na kati ya mara kumi anapiga kama tatu. Ukirusha kidogo, kadi inaonekana ya uongo. Ukirusha msimu mzima, yule mtu anatokea. Na dadu hazikumbuki alikosa mara ngapi.

"Basi hata wewe, Baba mdogo, si nuksi," nikasema. Uso uliniwaka. Sijawahi kumsemesha mtu mzima hivyo.

Alinitazama. "Mama Kimya leo amehubiri! Lakini dadu haziulizi mtu anatoka wapi. Yule wa langoni anaanza na hiyo. Akisikia Kizulu changu, kidole kinapita."

Alisema kweli, Baba. Nilikuwa nimelipima lango kana kwamba nalo linarusha dadu.

Ndipo akanisukumia zile dadu. "Rusha mara moja. Akipiga, ninabaki. Akikosa, ninarudi."

Hakuwa akitania. Nikazichukua zote mbili, nikazikalia. "Hapana. Hizi sirushi."

Akaenda kulala mchana, jambo asilolifanya kamwe.

Kesho yake Warundi wa ghorofa ya chini walimpa nafasi ya kulinda magari karibu na uwanja wa mbio za farasi. Anaenda kila siku. Lakini sanduku lake amelifunga kwa kamba, liko karibu na mlango.

Msalimie Mama, shangazi anayeuza mikate, na mdogo wangu, umwambie asiache hesabu. Barua hii anaileta mama mmoja mfanyabiashara anayepitia Kigoma. Atakaporudi huku, mpe neno lako kwa Baba mdogo, limwambie abaki. Wewe ni mkubwa wake. Mimi ni mtoto, siwezi kumzuia mlangoni.

Binti yako akupendaye,
Furaha