Darasa la Mwalimu Hhando

Karatu,
21 Septemba 1999

Kaka yangu mpendwa Tluway,

Salamu nyingi zikufikie huko Wasso, wewe na wote unaoishi nao. Natumaini hujambo, na kwamba kile kikohozi cha vumbi kimekuacha. Huku baridi imezidi, ukungu hauondoki mpaka saa nne. Mama ni mzima, anakusalimu sana. Ng'ombe wako mwekundu amezaa ndama jike. Mimi nipo, najiandaa na mtihani wa kidato cha nne.

Kilichonifanya nishike kalamu ni habari za baba. Unakumbuka ulivyomwacha baada ya kumtoa hospitali: hasemi neno, mkono wa kulia umelegea. Muuguzi alituagiza tumsemeshe kila siku hata asipojibu. Mama akawa anamsemesha Kiiraqw asubuhi na jioni, habari za shamba na za majirani, lakini baba alitazama ukuta tu. Mimi sikuwa na la kumwambia. Jioni moja nikakaa karibu na kitanda chake, nikasoma kwa sauti maneno ya somo la Kiingereza, yale tuliyoambiwa lazima tuyajue kwa ajili ya fasihi na insha. Nilipofika kwenye tashbihi nikakosea, nikaichanganya na sitiari. Baba akageuza kichwa. Akasema kwa Kiingereza, ulimi ukiwa mzito: "Hapana. Tashbihi ina neno la kulinganisha. Toa mfano."

Kaka, nililia pale pale. Mama alikuja mbio kutoka jikoni akidhani amekufa.

Tangu siku ile tukawa na darasa. Nikitoka shule nilimwekea mto mgongoni, nikavuta kigoda, nikamtajia neno moja moja. Dhamira, mandhari, kejeli, msimulizi. Mengine aliyaeleza vizuri kuliko mwalimu wetu wa sasa. Mengine yalimponyoka, akafumba macho kwa hasira mpaka nikamtajia lingine. Alinionya kwamba aya moja ibebe hoja moja, kwa sababu punda mmoja habebeshwi mizigo ya watu wawili. Nilimwandikia insha juu ya mvua za mwaka juzi zilizokata barabara, akanirudisha niandike upya utangulizi, nikaandika, akanirudisha tena. Wewe unamjua.

Ila alisema Kiingereza tu. Mama akimuuliza kwa Kiiraqw kama ameshiba, anajibiwa kwa Kiingereza, na mama hakijui. Kwa hiyo husimama mlangoni na bakuli la uji, akaniuliza mimi amesema nini. Siku moja alitaka kujua hiyo tashbihi ni kitu gani hata imrudishie mumewe sauti. Nikamwambia ni kufananisha kitu na kingine. Mama akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu baba augue, akasema basi nimwambie amekonda kama mpini wa jembe. Nikamtafsiria. Baba akafikiri, akasema mfano ni sahihi.

Niliamini anarudi. Nilitaka nikuandikie kwamba Krismasi utamkuta ameketi sebuleni, anakusahihisha Kiingereza chako.

Lakini Jumapili iliyopita tulimaliza maneno yote. Niliyaeleza bila kukosea, naye akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanitazama kwa upole, vile alivyokuwa akiwatazama watoto wa watu kule shuleni, akasema, "Una akili, binti. Wazazi wako ni nani?"

Nilidhani ananitania. Nikamwambia mimi ni Penina. Akaitikia kwa adabu, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni, akaendelea kusubiri jibu. Kaka, hanijui. Nafikiri hakunijua siku zote zile. Alikuwa akimsaidia mwanafunzi fulani aliyemjia na shida ya masomo. Nikamjibu kwamba baba yangu ni mwalimu. Akafurahi sana.

"Mpe salamu zangu," akasema. "Mwambie amekulea vizuri."

Mama alikuwa mlangoni. Akaniuliza amesema nini. Nikamwambia amenisifu.

Mpaka leo sijaweza kumwambia mama zaidi. Amefua yale mashati ya baba ya kufundishia, amepiga pasi, anasema muhula ujao baba atarudi kazini hata kwa kutembelea fimbo. Nakuomba usingoje Krismasi. Omba ruhusa uje, tumwambie mama tukiwa wawili, maana peke yangu siwezi. Na ukifika, tafadhali usimuulize baba kama anakujua. Wageni humuuliza hivyo, naye huona aibu, machozi yakamtoka. Keti tu karibu naye, umuulize jambo lolote la Kiingereza. Atakufundisha.

Wasalimie jirani zako wote. Mungu akuangalie njiani, na basi lisikwame. Mama anasema uje na sweta.

Ni mimi mdogo wako anayekungoja,
Penina Hhando