Komeo la Kisu Nilichompa Mama Skola

Jumapili. Mbinga tumeamka na ukungu hadi saa nne, kwenye Ziwa Nyasa nimekuta jua kali, na nimerudi nyumbani sina hamu ya chochote.

Wengi mnaosoma hapa mnakuja kwa ajili ya visu. Mnajua nafundisha fizikia sekondari, mnajua nilihamishiwa huku kutoka Singida, na mnajua naweza kujaza ukurasa mzima kuhusu kisu kimoja cha kukunja. Leo sina kisu cha kusifia.

Miezi minne iliyopita nilimpa kisu mama mmoja wa Namswea. Nitamwita Mama Skola, kwa jina la binti yake niliyemfundisha. Kazi yake ilikuwa kubebesha miche ya kahawa kwenye kitalu cha kikundi chao. Anachana shina la mche wa zamani, anachomeka kikonyo cha aina bora, anafunga kwa nailoni, na baada ya wiki chache kinachipua. Watu walikuwa wanamfuata hadi kutoka Litumbandyosi. Siku moja alikuja kunibebeshea miparachichi miwili ya uani, nikamwona anatumia wembe aliofunga kwenye kijiti. Niliona aibu, mimi mwenye visu sita kabatini.

Nikamchagulia kimoja.

Ubapa wake ulikuwa wa chuma cha D2. Ni chuma kigumu, kinakutoa jasho kwenye jiwe la kunolea, ila kikishashika makali hakiyaachii upesi. Chuma laini kinanoleka haraka na kinakuwa butu haraka, na kwa mtu anayekata vikonyo kutwa nzima hicho ni usumbufu. Hapo sikukosea.

Kosa lilikuwa kwenye komeo. Visu vya siku hizi vina makomeo ya kila namna: kuna ya kitufe, kuna ya pini inayokatisha nyuma ya ubapa, kuna ya bamba. Hicho kilikuwa cha bamba. Ndani ya mpini kuna bamba jembamba la chuma, lina nguvu kama ya springi. Ukifungua kisu, linaruka pembeni na kusimama nyuma ya ubapa ili usirudi. Sehemu inayogusana haizidi punje ya mchele. Vidole vyako vinalindwa na hapo tu.

Bamba la kisu kile lilikuwa linanata. Kukifunga ilibidi usukume kwa dole gumba mpaka liume. Nikakifungua chote, nikapitisha tupa kwenye uso wa bamba, mara tatu tu. Likaanza kuachia kwa mguso mdogo. Nilifurahi sana siku ile.

Kisha nikafanya jaribio ninalowahimiza kila mara mlifanye. Nikagonga mgongo wa ubapa kwenye ukingo wa meza. Komeo likashika. Nikagonga tena, likashika. Mara ya tano likaachia, kisu kikajifunga.

Nikarudia mara nyingi, likashika. Nikajiambia ile ya tano nilikuwa nimegonga vibaya.

Mimi ndiye ninayewafundisha wanafunzi msuguano. Nilijua nimebadilisha pembe ya ule uso, na nilijua maana yake: bamba linaweza kuteleza. Nikakipangusa, nikakitia mafuta, nikampa.

Wiki mbili baadaye alikuwa anachana shina nene. Ubapa ukanasa, akaugonga mgongoni na kipande cha mti, kama wanavyofanya wabebeshaji wote. Komeo likaachia, kisu kikajifunga juu ya vidole vyake. Hospitali walishona ngozi, lakini kano zinazokunja vidole viwili zilikuwa zimekatika. Kisu butu kingemchubua tu. Kile nilikinoa mwenyewe.

Habari nilizipata kwa Skola. Nilimtumia mama yake pole kwa simu.

Sikwenda kumwona. Miezi mitatu na zaidi.

Leo nimeshuka kwa pikipiki hadi Kihagara, ambako anakaa kwa mdogo wake. Nilimkuta ufukweni, mbele ya nyumba, anaanika dagaa wa usipa kwenye chanja, kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Umetukumbuka."

Akanionyesha mkono wa kulia bila mimi kuuliza. Kidole cha shahada na cha kati vimebaki vimenyooka. Akacheka kidogo. "Hivi vimekataa shule." Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Unisamehe, mwalimu. Nilikiharibu kisu chako. Nilikigonga vibaya."

Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, nikayaacha mengi. Nikasema yaliyobaki. "Mama, hukukosea. Komeo lilikuwa bovu. Nililipiga tupa mwenyewe, na niliona likiachia kabla sijakupa."

Aliendelea kutandaza samaki mpaka mwisho wa chanja.

"Uliliona kwa macho yako?"

"Ndiyo, mama."

"Na ukanipa."

"Ndiyo."

Akapangusa mkono kwenye kitenge. "Baba Skola ananiita mzembe tangu siku ile. Hata mbele ya wakwe. Kikundi wamempa mtu mwingine kazi yangu, wanasema siku hizi siko makini. Unafikiri nimekuja huku kupunga upepo? Hata kwa padri nimeungama, mwalimu. Nimeungama uzembe ambao si wangu."

Nikaanza kusema kuhusu daktari wa mikono, Songea, au hata Dar. Akanikatiza: daktari ameshamwambia muda umepita. Nikamwomba msamaha.

"Sijakataa," akasema. "Ila si leo. Nenda kwanza kamwambie Baba Skola. Kisha kawaambie wa kitaluni. Kwa mdomo wako, si kwa simu."

Mdogo wake akatoka ndani na maji ya kunawa, ugali ulikuwa tayari. Mama Skola akamwambia, bila ukali wowote, "Acha tu. Mwalimu anawahi."

Nimekaa huku miaka sita. Sijawahi kuondoka nyumba ya mtu hivyo.

Nilipanda milima nikiwa naona barabara kwa shida, na si kwa sababu ya vumbi. Nawaza vidole ambavyo vingeendelea na kazi miaka mingine ishirini. Nawaza kwamba ningekitupa kisu kile chooni siku ile ya meza, nisingekosa kitu. Visu sita! Nilikuwa navitaka vya nini?

Nilifika njia panda ya Namswea saa kumi, jua bado lipo. Jumapili Baba Skola anakuwa nyumbani, najua. Nikazima pikipiki. Nikakaa pale muda mrefu, watu wawili wakapita wakanisalimia, nikawajibu kama mtu anayepumzika. Kisha nikawasha, nikaja nyumbani kuandika haya, kwa sababu ninyi hamjui hata sura yangu.

Kesho vipindi vyangu vinaisha saa nane. Nitakwenda kweli, au nitatafuta kitu kingine cha kuandika?